Sanduku la Chatu wa Kapinga

Sandarusi ikichemshwa na mawese hutoa harufu inayoparuza koo na kulainisha pua kwa wakati mmoja, na ndiyo harufu ya miaka ya vita kwangu. Wengine wakikumbuka vita hutaja baruti. Mimi nakumbuka sufuria nyeusi nyuma ya nyumba yetu mtaani Alunguli, Kindu, baba amechuchumaa akikoroga utomvu ule kwa kijiti, na mama akilalamika kwamba mawese ni ya mboga, si ya kupaka sanduku la nyoka. Baba alikuwa seremala wa mabehewa. Reli ndiyo iliyomleta Kindu kutoka Kasai, na treni iliposimama kwa sababu ya vita alibaki na mikono yake tu, hana cha kuishughulisha. Alikaa kizingitini kutwa nzima bila neno, na sisi watoto tulinyata nyumbani kwetu wenyewe. Kisha dada yangu Kapinga akaokota chatu mchanga katika majani marefu yaliyokuwa yamefunika reli, akamleta nyumbani ndani ya kikapu cha mihogo. Mama alipiga ukelele. Baba alimtazama nyoka, akamtazama binti yake, akainuka kutafuta msumeno. Sikuwahi kumpenda mnyama kama nilivyompenda yule chatu siku ile, kwa kuwa alimwinua baba.

Ila nyoka wa kufugwa si kuku. Mtaani kwetu anayefuga nyoka ana jina, na jina lenyewe ni mchawi, hasa akiwa mtu wa kuja. Haukupita muda mrefu, mkuu wa avenue, yaani wa barabara yetu, akaja, mzee mpole aliyependa kusikiliza kuliko kusema. Alikaa, akanywa maji, akasema: "Papa Kapinga, bantu banaogopa. Mie siwezi kukataza mutoto kuchunga nyoka yake. Lakini siku ile itatoka inje, na ninyi mutatoka." Aliyasema kwa upole, nayo yakatuchoma. Tungetoka kwenda wapi? Treni haikuwapo, na njia zote zilikuwa na watu wenye bunduki. Tangu siku ile maisha yetu yote Kindu yalikaa juu ya viungio vya sanduku moja.

Baba alilijenga kama behewa, maana ndicho alichokijua. Alitumia mbao za libuyu, ule mti mwekundu wa msituni, akasimamisha kuta mbilimbili na kuacha nafasi katikati ili joto la mchana lisimchome nyoka na baridi ya alfajiri isimgandishe. Mbele akaweka wavu wa waya alioutoa kwenye kabati la chakula. Halafu akaziba. Alipitisha sandarusi ya moto katika kila kiungio cha ukuta wa nje, akiisukuma kwa kidole gumba na kukipuliza kidole chake kilichoungua. Alipomaliza alimwaga ndoo nzima ya maji juu yake, akachungulia ndani: pakavu. "Behewa yangu haijalowesha muchele ya muntu hata siku moja," alituambia, na hayo yalikuwa maneno yake mengi zaidi tangu treni isimame. Mama akamtania kwamba sasa ameoa sanduku. Tulicheka sote, na baba naye akacheka.

Asubuhi moja jirani yetu, Mama Zaina, alikuja kuomba kaa la moto kama kawaida yake. Alipopita barazani, lilipokaa sanduku, alitupia jicho wavuni, akaona majani makavu matupu. Kaa lilimwanguka. Kelele zake zilijaza ua wetu watu, wanaume na mapanga yao, kina mama wamebeba watoto juujuu kana kwamba maji yamefurika. Mkuu wa avenue alifika amevaa kiatu kimoja. "Papa Kapinga, nyoka iko wapi?" Nilimwona mama akiingia ndani na kuanza kukunja vitenge vyetu, taratibu, na hapo nikaanza kulia.

Kapinga peke yake hakutazama watu. Alipiga magoti, akabandika shavu lake kwenye ubao wa sanduku. "Papa, iko hapa. Naisikia mu ukuta." Watu waliguna. Baba alijua kwamba akilifungua sanduku mbele ya umati ule na kukuta patupu, basi yamekwisha. "Lete turnevis," alisema hatimaye, akafungua skrubu moja baada ya nyingine, hadi ubao wa nje ulipoachia kwa mlio wa sandarusi inayobanduka. Chatu alikuwa amejikunja katikati ya kuta mbili, mwili mzima vumbi la mbao, amelala. Mafundi wa mabehewa huziba ili mvua isiingie, na baba alikuwa ameziba mvua. Ukuta wa ndani aliuacha na nyufa zake.

Mtu mmoja alipaza sauti kwamba nyoka ametoka, ametoka tu. Mkuu wa avenue aliinama, akatazama ukuta wa nje na wa ndani, akanyooka. "Imetoka mu chumba," alisema, "haikutoka mu nyumba." Kicheko kilipasuka ua mzima. Mama Zaina alicheka hadi akakaa chini. Mama yangu alitoka na kitenge mkononi, akakitumia kufuta machozi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema. Baba aliziba nyufa za ndani siku hiyohiyo, kichwa chote kimezama sandukuni, huku majirani wakimwelekeza.

Chatu alipokua mno tulimwachia huru msituni, mbali na watu. Treni siku hizi huja inapotaka. Mafundi wa mtaa wa Kasuku huziba viungio kwa gundi ya dukani, inayokauka kabla hujamaliza kusalimia. Baba alizikwa hapa hapa, na mimi nimejenga Alunguli. Majuzi familia moja kutoka Kabambare ilipanga nyumba jirani, na kina mama wa mtaa wakanijia wakinong'ona: "Mama, bale bantu banatoka wapi? Weye mwenyeji, utuambie." Mimi, mwenyeji! Nilicheka mpaka wakaogopa. Kisha nikachukua kikapu cha mihogo, nikaenda kuwakaribisha wageni.