Kiti cha Mbele ya Propela

Watu walimwita Kimbunga, na enzi zile jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa dereva wa boti ya upepo, ile boti bapa isiyotia chochote majini, inayosukumwa na propela kubwa iliyosimamishwa nyuma ya kiti cha dereva kama pangaboi la dari lililohamia ukutani. Kinamasi chao kilikuwa na matete mengi kuliko maji, na boti ya kawaida ingenasa kabla hujamaliza kuaga. Kila wiki Kimbunga alimvusha mdogo wake, muuguzi, pamoja na sanduku lake la chanjo, mpaka vijiji vya ng'ambo visivyo na barabara.

Injini ya zamani haikufa kistaarabu. Krenki, ule mhimili wa ndani unaozungusha propela, ulikatika mwendo ukiwa mkali. Kipande cha propela kilitoboa wavu wa chuma na kung'oa mgongo wote wa kiti cha dereva. Kimbunga alipona kwa sababu moja tu: kandambili ilikuwa imemvuka mguuni, naye alikuwa ameinama kuiokota. Mdogo wake, aliyekuwa ameketi mbele, aligeuka akamwona dada yake mzima na kiti kimekatika, akalia bila kutoa sauti.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kimbunga alishtuka hata jirani alipowasha mashine ya kusaga, na pangaboi la sebuleni alilizima kabisa, familia ikae na jasho lake. Mumewe, seremala mwenye mdomo usio na breki, alisema sasa mke wake aitwe Upepo Mwanana. Aliucheka mzaha huo peke yake.

Lakini ng'ambo kulikuwa na watoto wanaosubiri sindano, na mdogo wake alishatangaza kwamba boti isipopatikana ataazima mtumbwi avuke mwenyewe, yeye asiyejua kuogelea hata kwenye beseni. Maneno hayo ndiyo yaliyomtoa Kimbunga nyumbani kwenda kutafuta injini. Aliiogopa injini, ndiyo, lakini kumwogopea mdogo wake kulimzidi nguvu.

Walikwenda yeye na mumewe kwenye yadi ya vyuma chakavu, nyuma ya karakana za magari. Ardhi yote ilikuwa nyeusi kwa oili. Muuzaji alikuwa mtu mnene mwenye tabasamu lisilokwenda likizo, na wateja walimwita Bwana Asali. Aliwaonyesha injini mbili. Ya kwanza ilitoka kwenye ndege ndogo: nyepesi, imepakwa rangi ya fedha, inang'aa. Ya pili ilikuwa ya gari: nzito, ina kutu ubavuni, na imefungiwa boksi la gia la kupunguza mizunguko, kwa kuwa injini ya gari huzunguka haraka kuliko propela inavyostahimili.

"Hiyo yenye kutu achana nayo, shemeji," alisema Bwana Asali. "Weka hii ya ndege, boti yako itapaa."

"Mama watoto, itazame tu ilivyo," mumewe alisema, akiipapasa. "Ningekuwa kijana ningeioa."

"Ioe, ikupikie," alijibu Kimbunga.

Madereva wa kinamasi wana sharti lao moja, na halina huruma: injini hainunuliwi mpaka muuzaji mwenyewe akae kwenye kiti cha dereva, propela ikiwa nyuma yake, na akanyage mafuta mpaka mwisho. Umesifia, kaa. Kwa kazi hiyo yadi ilikuwa na fremu ya chuma iliyochomelewa kiti. Injini ya fedha ikafungwa, propela ikafungwa, na Bwana Asali akapanda bila kusita.

Ikawaka. Ikaimba vizuri mno, bila kikohozi. Mumewe aliinua dole gumba. Kimbunga alijibanza pembeni karibu na ukuta, vumbi na majani makavu vikimpita usoni. Alitaka kukimbia. Propela hakuweza kuitazama hata kidogo, basi akamkazia macho muuzaji.

Bwana Asali alikuwa akicheka na kupunga mkono. Lakini alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, kifua mbele, kama mtu aliyekalia bati la juani. Kati ya mgongo wake na kiti paka angepita bila kujisugua. Kimbunga aliujua mkao ule. Tangu ajali, yeye mwenyewe alikuwa akikaa hivyo kwenye kila kiti, hata mezani wakati wa kula.

Alijikaza akasogea.

"Kaka, egemea!"

Bwana Asali aliweka kiganja sikioni.

"Egemea kiti, halafu ukanyage mpaka mwisho!"

Tabasamu lilibaki, mgongo haukurudi nyuma. Akazima injini. "Mgongo unanisumbua, dada."

"Unakusumbua, au unauogopea? Niambie ndege hii ilipatwa na nini."

Bwana Asali alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Haikuanguka," alisema hatimaye. "Wakati wa kutua propela iligusa chini. Kidogo tu."

Kimbunga alijua maana yake. Propela ikipiga ardhi injini ikiwa inazunguka, pigo lote hupokewa na krenki. Ufa hujificha ndani, na rangi ya fedha haijawahi kuziba ufa. Seremala alimsogelea muuzaji.

"Na ulitaka mke wangu akae hapo?"

"Huenda haina kitu," alisema Bwana Asali, akiangalia viatu vyake.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ile ya kutu ilipofungwa, Bwana Asali aliegemea mpaka kiti kikatoa mlio, akakanyaga mpaka mwisho huku akichokonoa meno. Wakaichukua hiyo.

Seremala alichonga mgongo mpya wa kiti, mbao nene kama mlango. "Hapa hata risasi itapiga hodi," alijigamba. Kisa cha yadi akakisimulia mtaa mzima, akiigiza na ule mkao wa ukingoni.

Asubuhi ya safari ya kwanza boti ilikuwa bado imefungwa kamba gatini. Kimbunga aliwasha. Mngurumo ulimpanda mwilini. Akamwashiria mdogo wake apande. Muuguzi, sanduku mkononi na mguu mmoja ukingoni mwa boti, hakupanda. Alikuwa akiutazama mgongo wa dada yake.

"Dada," alipaza sauti, "egemea!"

Kimbunga alitaka kumwambia kwamba mgongo unamsumbua. Akahisi tabasamu la Bwana Asali linamjia usoni, akaona haya kwelikweli. Akafumba macho, akarudi nyuma polepole mpaka mbao ikamgusa mabega, ikitetemeka pamoja naye. Akakanyaga. Kamba ikakaza. Akakanyaga mpaka mwisho, machozi yakimchuruzika, akisubiri. Propela ilizunguka tu.

Alipofumbua macho, mdogo wake alikuwa ameshaingia. Aliweka sanduku mapajani, akaketi mbele akiwapa mgongo wote wawili, dada na propela, na hakugeuka tena.