Bibi wa Ndege

Bibi anayetuongoza kuangalia ndege haonyeshi kwa kidole. Anaelekeza kwa kidevu, maana kwa baridi hii mikono yake haitoki makwapani isipokuwa kufuta ukungu kwenye darubini. Ukikohoa, anakukata jicho: "Kohoa kwenu." Leo kila tuliyepishana naye kwenye theluji alimwamkia, naye akaitikia "marahaba" bila hata kugeuka. Kwa umri wake, sijui amebakiza nani wa kumwamkia. Adhuhuri, tai mkubwa akaibuka nyuma ya mwamba, akapita juu yetu karibu kabisa, tukasikia upepo ukivuma kwenye mbawa zake. Sisi tukakimbilia darubini. Bibi akatoa mikono makwapani, akavua kofia yake ya sufu, mvi zikapeperuka. "Shikamoo," akasema. Hakuna aliyecheka. Tulisimama, tukisubiri tai aitikie.