Kanda ya Gitaa Tupu Sokoni Lushebere

Kaka yangu aliacha bendi yake Goma kwa sababu, alisema, waimbaji walikuwa wanamfunika. Alirudi kwetu kambini Lushebere, ambako mimi na mama tulikimbilia baada ya kijiji chetu cha Walikale kuchomwa. Hakuleta unga wala chumvi. Alileta katoni ya kaseti: muziki wa roki, gitaa lake peke yake, hakuna anayeimba. Nilimwambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akanijibu kwamba muuza maziwa kama mimi hajui kitu.

Alikwenda kumsumbua mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mwenye duka na lori. Yule akamwambia, “Siku ya soko nitapiga kanda yako hapa mulangoni. Batu bakiipenda, nitaibeba mpaka Butembo. Bakiikataa, usirudi hapa.” Kaka akaapa kwamba ikikataliwa atauza gitaa, aende migodini Rubaya kubeba magunia ya madini ya koltani. Mgongo wake naujua. Haukuwahi kubeba hata kuni za mama.

Siku ya soko redio iliwekwa juu ya kiti na watu wakajaa. Walisikiliza kwa adabu, wakingoja mwimbaji aanze.

“Ataimba saa ngapi?” mchungaji mmoja wa ng'ombe akauliza.

“Angali anakaza nyuzi,” mwenzake akamjibu.

Mama mmoja muuza maharage akasema, “Papa, baimbaji balikukimbia ao ulibafukuza? Kama balikimbia, bako na akili.” Soko zima likacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, mpaka mbavu zikauma, kwa maana alistahili.

Kaka alisimama kando ya redio, tabasamu limemgandia usoni. “Mungoje wimbo wa mwisho,” alisema. “Ule njo wimbo wa kwetu, wa ile siku nyumba ilichomwa.” Siku hiyo yeye alikuwa Goma, akipiga gitaa kwenye harusi za watu.

Wimbo ukaanza. Nyuzi zilipigwa moja moja, kavu, kisha haraka haraka, kisha gitaa likanguruma mpaka spika ikatetemeka. Mama yangu, aliyekuwa ameketi kwenye gunia pembeni, akajitupa chini. Akanivuta sketi niangukie matopeni. “Lala, mutoto wangu! Lala, banakuya!” Alijifunika kichwa kwa mikono, na nikaona kitenge chake kinalowa. Alikuwa amejikojolea mbele ya watu wote wanaonunua maziwa yetu.

Mfanyabiashara akazima redio. Hakuna aliyecheka tena.

Nikamtazama kaka. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha. Sikuwahi kumchukia mtu namna ile, hata wale waliotuchomea nyumba.

“Mumeona?” alipaza sauti. “Mama amesikia! Hii njo muziki!” Hakuinama kumwinua. Alikuwa anatafuta macho ya mwenye lori.

Nilimwita kaka mbwa, mbele ya wote. Nikamwinua mama, nikamfuta uso kwa kanga yangu, nikamshika mkono twende. Nyuma yetu nilimsikia kaka anabembeleza, “Papa, usikie tena. Pale pale tu, kidogo.” Kaka akarudisha kanda nyuma, akawasha redio.

Tulikuwa hatujapita banda la nyama. Mama alichomoka mkononi mwangu na kukimbilia mlimani, kitenge chake kikimganda miguuni, na kaka akaongeza sauti ya redio.