Maneno Niliyomwambia Ng'ombe Ili Mama Mkwe Asikie

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wanaume wenzangu hapa Kianjai hukimbilia sokoni kukiwa na umande, wakauza miraa na kubishana siasa mpaka sauti zikauke. Mimi nikifika langoni pangu naona nimesafiri. Anayetoka ni mke wangu. Ana kazi ofisini, Meru mjini, na wenzake wakimwuliza bwana yake hufanya nini, hujibu kwa heshima zote, "Yuko na ng'ombe." Watu hufikiria kundi. Ni ng'ombe mmoja.

Lakini mmoja huyo ndiye kibali changu cha kukaa nyumbani. Ndama wake aliyetangulia aliharisha mpaka akafa, na mke wangu akaniambia bila kupandisha sauti, jambo linalonitisha kuliko kelele: "Baba watoto, huyu anayekuja naye akifa, tunauza mama yake. Kaka yangu anatafuta mtu wa kusimama dukani Timau."

Timau! Kule baridi inauma masikio kama ina meno, nami nisimame kutwa nikipima misumari na kuchekea watu nisiowajua. Nikaanza kumpenda ndama ambaye hajazaliwa kuliko nilivyowapenda wanangu wakiwa tumboni.

Daktari wetu wa mifugo ni mtu wa Embu. Yeye Kimeru changu anakicheka, mimi Kiembu chake nakikosa, kwa hivyo tunakutana katikati, kwa Kiswahili. Alinifundisha kama mtoto wa chekechea: zizi liwe kavu, kitovu kichovywe kwenye dawa ya aidini mara tu ndama anapozaliwa, ndoo yake asichangie na kuku. Halafu akatoa neno ambalo mimi nilikuwa nimelisikia mara ya mwisho kwenye somo la Kiswahili sekondari, na nadhani nililikosa: dang'a. Ni yale maziwa ya kwanza, ya manjano, mazito.

"Mzee, ndama huzaliwa bila kinga yoyote," akasema. "Kinga yake iko ndani ya hiyo dang'a. Anywe mapema, anywe ashibe. Ukingoja kesho, tumbo limeshafunga mlango."

Nikaitikia kwa kichwa kama msomi. Ambacho sikumwambia ni kwamba kwetu dang'a ilikuwa na mwenyewe tayari, na mwenyewe alikuwa mama mkwe wangu.

Mama mkwe anakaa ng'ambo ya kijito. Ng'ombe wetu akizaa, yeye hujua kabla ya jirani wa ua kwa ua. Huja na sufuria, akayabeba maziwa yale, akayachemsha taratibu mpaka yagande kama mayai, na wajukuu wakapigania mwiko. Wanawe wote waliyala hayo, mke wangu akiwemo. Sasa ni nani wa kumwambia hapana?

Si mimi. Kati yangu na mama mkwe kuna nthoni, ile heshima iliyochanganyika na haya. Hatupeani mikono, hatukai karibu, simtazami usoni. Wengi siku hizi wameacha mambo hayo. Sisi hatujaacha, na niseme ukweli, inanifaa: mtu asiyeruhusiwa kuongea nawe atakugombeza vipi? Tukiwa na neno la lazima, tunalipitisha kwa mtu wa tatu. Asipokuwepo mtu, hata kuku.

Ng'ombe alizaa asubuhi, mke wangu akiwa ameshaenda kazini na watoto shuleni. Ndama jike! Nilimpangusa pua, nikachovya kitovu, nikakamua chupa nzima ya dang'a na kuitia chuchu. Ndama hakusimama. Alilala pale kama gunia lililonyeshewa. Nilipompa chuchu, ulimi ukalegea tu, na mdomo wake ulikuwa baridi.

Ndipo lango likalia. Sufuria iliingia kwanza, kisha mama mkwe. Akasimama mbali inavyopasa, uso ameuelekeza kwa ng'ombe.

"Ng'ombe, hongera. Mwambie huyo aliye nyuma yako kwamba nimeleta sufuria."

Nikamtazama ng'ombe. "Ng'ombe, mwambie mama karibu sana. Mwambie pia daktari amesema maziwa ya leo ni ya mtoto wako."

"Ng'ombe, hebu muulize, kwani huyo daktari ndiye aliyemlea mke wake?"

"Ng'ombe, mwambie matunda ya malezi hayo nayaona kila siku, na nayaogopa."

"Ng'ombe, huyu kijana ana mdomo!"

"Ng'ombe, si mimi. Nimeazima wako."

Niliona pindo la leso likitikisika. Alikuwa anacheka au anatetemeka kwa hasira, na mimi siruhusiwi kuinua macho nihakikishe. Nikampigia daktari, nikaweka simu kwenye spika ili asiyeambiwa naye asikie.

"Hasimami, daktari. Hanyonyi."

"Usimmiminie kooni! Maziwa yataingia mapafuni, umuue mwenyewe. Mkaushe, msugue kwa gunia kavu, kwa nguvu, apate joto. Tia kidole safi mdomoni. Akikinyonya, ndipo umpe chupa. Akikataa kabisa, nipigie nije na mpira wa kumlishia. Sasa hivi niko Muthara, mkono wangu uko ndani ya ng'ombe wa watu. Uko na nani hapo?"

"Kuna mtu."

"Basi aingie hapo. Mmoja asugue upande huu, mwingine ule, mbanane."

"Daktari, huyo mtu ni mama mkwe."

Waembu nao wana wakwe.

"Pole sana, mzee," akasema, na simu ikakatika.

Nikamgeukia ng'ombe. "Ng'ombe, mwambie mama kwamba..."

"Wewe!"

Miaka yote ya ndoa yangu, hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia mimi mwenyewe.

"Acha kuongea na ng'ombe kama mlevi! Mtoto anakufa. Leta gunia!"

Akafunga leso kiunoni, akanawa mikono, akaingia zizini. Tukasugua. Vichwa vyetu viligongana mara moja, tukajifanya vimegonga ukuta.

"Sugua mbavu! Huo ni mkono wangu!"

"Samahani, mama."

"Samahani baadaye."

Akatia kidole mdomoni mwa ndama, akatikisa kichwa. Tukasugua tena. Nilikuwa nimeanza na wazo la misumari ya Timau, lakini likapotea, nikabaki nikiiangalia ile pua iliyolowa na kuisihi ipumue vizuri. Jasho likaniingia machoni. Mama mkwe akatia kidole tena. Akatulia.

"Anakivuta," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

Yeye akashika kidevu, mimi chupa. "Daktari huwa anasema kichwa kisiinuliwe sana," nikamwambia.

"Kwani nimekiinua? Wewe shika chupa yako."

Ndama akanyonya, akakohoa, akapumzika, akanyonya tena mpaka chupa ikalia tupu. Akatafuta nyingine. Nilipoinuka kuchukua ndoo, mama mkwe akaichungulia, akasukuma sufuria yake chini ya kiwele.

"Kamua humu. Hiyo ndoo yako hata mimi ingeniharisha."

Hakurudi kwake. Alasiri tulimpa ndama tena, na safari hii alinywa akiwa amesimama, miguu ikitetemeka kama meza ya hoteli mbovu. Kisha akaachia choo chake cha kwanza, cheusi, chenye kunata, chote juu ya gambuti langu. Nilifurahi mpaka nikasahau nthoni, nikamtazama mama mkwe usoni. Naye alikuwa ananitazama.

Jioni mke wangu alitukuta zizini, kila mmoja amekalia debe lake, magoti karibu yagusane, ndama amelala katikati na tumbo limejaa. Akasimama pale mlangoni, mkoba begani.

"Mama! Mmekaa pamoja?"

"Nyamaza," mama mkwe akamwambia, "utamwamsha."