Kuponi ya Pakiti Kubwa

Marlys, keshia wa supamaketi yetu hapa Toledo, Marekani, aliniita mwizi mbele ya foleni nzima. Mume wangu alikuwa ameniacha na watoto, ndipo nikaanza kukata kuponi za punguzo la bei kwenye gazeti la Jumapili. Kusoma kunanipa taabu, kwa hiyo nilifuata picha ya sabuni nikachukua pakiti ndogo. Kumbe kuponi ilikuwa ya kubwa. Marlys akapaza sauti:

“Mama, ujanja huo kaufanyie kwako!”

Nilirudi Jumatano, siku ambayo duka huongeza maradufu punguzo la kila kuponi, nikamwekea pakiti kubwa zilizoshushwa bei. Mashine ilikubali kuponi zote.

“Haya bibie, mwizi ni nani leo?”

Akanipa risiti. Sabuni ninayo. Marlys hajaniomba samahani mpaka leo.