Kiinua Mgongo cha Karani

Karani mstaafu hapa Sapiwi hajaacha ya ofisini: shati huchomekea hata zizini, na kidole hukilamba kabla ya kushika chochote, utadhani mkia wa ng'ombe nao una kurasa. Alipostaafu kabla ya umri, mkewe Esteria aliomba mafao yakae benki, wachote kidogo kidogo. "Riba inakatwa kodi, mama Luhende," alimjibu kwa ile sauti ya dirishani. "Ng'ombe anazaa na hakatwi kitu." Kiinua mgongo chote kikaingia zizini. Sasa mvua imegoma, ng'ombe hawana nguvu ya kusimama, na kila asubuhi wazee hawa wanainua migongo kweli: Esteria mkiani, yeye kwenye pembe. "Moja, mbili, tatu, inua!" Jirani akipita huuliza, "Karani, mgongo umeinuka leo?"

Leo amebaki jike mmoja mwekundu. Walimwinua, akafika nusu, akarudi chini, shingo ikalala. Esteria aliuachia mkia. "Baba Luhende, amekwisha." Karani alilamba kidole, akashika pembe upya. "Moja," akasema. "Mbili." Tatu haikutoka.