Amplifaya ya Kilabu cha Mkonge

Mwaka niliohamia Same kufundisha shule ya msingi nilipanga chumba chenye umeme. Kwetu Vudee tulikuwa tunasomea koroboi, kwa hiyo soketi moja ukutani ilikuwa kitu cha kukitazama kabla ya kulala. Kaka yangu, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Tanga, aliniletea mashine ya kupiga santuri na spika mbili za mbao alizouziwa na mabaharia. Kilichokosekana ni amplifaya, ile inayokaa katikati, inayochukua sauti ndogo ya sindano na kuipa nguvu ya kusukuma spika. Bila hiyo, ukiweka santuri unasikia kama nzi aliyefungiwa kwenye kiberiti.

Mambo ndiyo yalikuwa yameanza kuwa ruksa. Muda si mrefu nyuma tulikuwa tukipanga foleni kwa kipande cha sabuni, na sasa maduka ya barabara kuu yalijaa redio za kutoka Dubai zenye taa za rangi mbele. Nilizisikiliza. Zilikuwa na kelele nyingi, lakini mwimbaji alisikika mwembamba, kana kwamba anaimbia ndani ya debe. Fundi redio wa pale sokoni alinionya nisizinunue.

"Zikiungua, mwalimu, hata mimi sizigusi. Vipuri hakuna. Kwa mshahara wako tafuta ya zamani, ya taa."

Alimaanisha zile zenye chupa za kioo zinazowaka ndani kama makaa. Alinitolea moja kutoka kwenye kopo akanionyesha utando wa fedha uliokuwa juu ya kioo. Utando ukigeuka mweupe kama maziwa, alisema, hewa imeingia, na chupa imekufa. Akaniambia niinyanyue mashine kabla ya kuisikiliza, maana nyepesi ina transfoma ndogo na haitafika mbali. Nihakikishe ina njia mbili, moja kwa kila spika. Kisha akasema nisiingize mkono nyuma yake hata ikiwa imezimwa, kwa sababu ndani yake umeme hubaki umelala.

Mjomba wangu, aliyekuwa mwalimu wa kwaya ya Kilutheri kule Vudee, ndiye aliyesikia kwamba shamba moja la mkonge huko tambarare lilikuwa linauza vitu vyake. Bei ya mkonge ilikuwa imeanguka, na wenye shamba walikuwa wakifunga kidogo kidogo. Kilabu cha wafanyakazi kilikuwa na amplifaya kubwa ya taa, iliyoachwa na mameneja wa zamani. Mjomba alishuka mlimani na santuri ya kwaya kwapani, tukaenda.

Sijasahau njia ile. Mkonge ulikuwa haujakatwa muda mrefu, na kila mche ulikuwa umetoa mlingoti wake na kukauka, shamba zima limesimamisha miti mirefu isiyo na majani hadi upeo wa macho. Mtambo wa kusaga mkonge ulikuwa kimya. Katika kambi ya wafanyakazi, watu waliotoka Songea, Kigoma na Singida ujanani mwao, nyumba nyingi zilikuwa hazina milango. Milango ilikuwa imeshauzwa.

Mtunza stoo alitufungulia kilabu. Alikuwa mtu mnene, mwenye haraka. Amplifaya ilikaa juu ya jukwaa la mbao, nyeusi, na nilipojaribu kuinyanyua haikusogea. Chupa zake zote zilikuwa na utando safi wa fedha. Akaiwasha. Chupa ziliwaka taratibu, nyekundu iliyofifia kwanza, kisha rangi ya ndizi mbivu, na mjomba akaweka santuri yake kwenye mashine ya kilabu.

Nimesikia muziki mwingi tangu siku ile. Sijui kama nimewahi tena kusikia watu wanavuta pumzi kabla ya kuimba namna ile. Mjomba alifumba macho. Alikuwa akihesabu sauti, ya kwanza, ya pili, besi, na kila moja ilikuwa imesimama mahali pake chumbani. Nilipogeuka niliona watu wa kambi wamekuja mlangoni. Walisikiliza kutoka nje. Mlango ulikuwa wazi, ukumbi ulikuwa mtupu, na hakuna aliyevuka kizingiti.

Nilinyoosha mkono nipunguze sauti. Kidole changu cha mwisho kiligusa bati la mbele, nikahisi kama siafu wananipanda hadi kwenye kiwiko. Nikautoa mkono.

"Ni kawaida ya mashine kubwa," mtunza stoo alisema. "Inakusalimia."

Mjomba alifumbua macho akamtazama. Tuliomba muda wa kufikiri. Tulipotoka, watu wote walikuwa wameshatawanyika isipokuwa mama mmoja mtu mzima aliyeketi kivulini akimenya mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeisikia?"

"Nimeisikia. Ni nzuri sana."

"Ni nzuri. Marehemu mume wangu aliipenda mno. Yeye ndiye aliyekuwa akiiwasha siku za mshahara." Alitazama mlango wa kilabu, ambako mtunza stoo alikuwa anahangaika na kufuli, akashusha sauti. "Sikukuu moja walikuwa wamedeki ukumbi. Akafa palepale jukwaani. Wakaandika kwamba ni dengelua, pombe ya miwa."

Nilimpa pole.

"Mume wangu alikuwa hanywi," alisema, akarudi kwenye mihogo yake.

Njia nzima mjomba hakuimba, na huyo ni mtu aliyezoea kuimba akitembea. Tulipokaribia barabara ya lami ndipo aliposema, "Usiinunue kabla fundi hajaifungua." Nilimjibu kwamba ndivyo nitakavyofanya. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaipanga chumbani, chini ya dirisha, na nilikuwa nimeshajiambia kwamba mtu akivaa ndala za mpira hapati neno.

Fundi alikuwa na kazi nyingi, akaniazima testa, ile bisibisi yenye taa ndogo kwenye mpini. Nilirudi shambani peke yangu wiki iliyofuata. Mtunza stoo hakufurahi kuniona naivuta testa kutoka kwenye mkoba. Aliiwasha amplifaya, nikagusisha ncha kwenye bati la mbele, pale ambapo mtu yeyote angeweka mkono. Taa ya mpini iliwaka, nyekundu, imetulia.

"Umeme upo ndani," alisema. "Ulitaka kuwe na maji?"

"Upo nje, bwana. Bati lote lina umeme. Niruhusu nimlete fundi airekebishe kwanza, nitamlipa mwenyewe, halafu nainunua."

"Haifunguliwi na mtu kabla haijalipiwa. Na kuna mwenye baa wa Same anaitaka. Ama leo ama basi."

Nilisimama mbele yake huku chupa zikiwaka. Nikauliza mume wa yule mama alikufaje. Alijibu haraka, kama mtu aliyekuwa na jibu tayari, kwamba moyo wake ulikuwa mbovu. Siku ile ilikuwa pombe, sasa ilikuwa moyo. Nikaweka testa mkobani nikaondoka.

Mwenye baa aliinunua kabla ya mwisho wa mwezi. Baa yake ilikuwa nyuma ya mtaa wangu, na upepo wa Same haujui siri ya mtu. Nilipoitambua ile sauti mara ya kwanza nilikuwa naanua nguo, nikabaki nimeshika shuka mkononi. Jumapili mjomba aliposhuka tulikwenda kumwona mwenye baa. Alikuwa mtu wa utani, amezoea kuelewana na kila mtu.

"Mwalimu, ulishindwa bei, sasa unaisema vibaya," alisema.

"Mzee mwenzangu," mjomba alimwambia, "kuna mtu alifia kwenye mashine ile."

"Watu hufia vitandani, na hatujaacha kulala."

Tulimweleza habari ya testa na habari ya bati. Alitusikiliza, akatuletea soda, akasema atamwita fundi akipata nafasi. Nikaona ile amplifaya kwenye kaunta ya saruji. Chini yake sakafu ilikuwa ya saruji pia, na dada wa pale walikuwa wakiideki kila mchana, peku, kwa maji ya sabuni. Niliwaambia na wao. Mmoja alicheka kwa aibu. Mwingine, aliyekuwa mkubwa wao, alisema, "Tukiiogopa, nani atafuta vumbi?"

Yangu niliipata Myamba. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya posta mjini Tanga alikuwa amerudi mlimani na amplifaya ndogo, ambayo kule hakukuwa na umeme wa kuiwashia, ikakaa miaka chini ya kitanda imefungwa kwa khanga. Nilikwenda kwa basi lililorudi na magunia ya tangawizi. Hakukuwa na namna ya kuijaribu. Niliinyanyua, nikaona ni nzito kuliko umbo lake. Nikazitazama chupa moja moja kwenye mwanga wa mlango, zote zilikuwa na utando wa fedha. Mzee aliifunga tena kwa khanga ileile akaniambia khanga ni ya mkewe, nisiirudishe.

Fundi aliibadilishia vitu vilivyokauka kwa kukaa na akaifungia waya wa ardhini, ule unaopeleka chini umeme uliopotea njia badala ya kuupitisha kwa mtu. Nikaiweka chini ya dirisha. Iliimba kwa upole, hata waimbaji wangeweza kuwa chumba cha pili. Ilitosha. Lakini niseme kweli, Jumamosi sikuwa naisikiliza. Niliizima nikasikiliza ile ya baa. Nilikaa na madaftari ya wanafunzi mapajani, nikingoja muziki ukatike kabla wimbo haujaisha. Ulipofika mwisho salama na mwingine ukaanza, nilisahihisha ukurasa mmoja.

Mawingu ya vuli yalianza kukaa juu ya milima. Asubuhi Pare yote ilikuwa imezama ndani yake, na sisi huku chini bado tulikuwa na vumbi na jua. Watu walisema mvua imechelewa. Mimi nilikuwa mtu pekee mjini niliyeombea ichelewe zaidi. Kuta za chumba changu zilianza kutoka jasho.

Ikanyesha Jumamosi mchana, ghafla, kwa kishindo kwenye mabati, na ndani ya kishindo kile niliweza bado kuisikia baa. Kisha wimbo ukakatika katikati ya neno.

Sikumbuki kufunga mlango. Nakumbuka maji mtaroni yakinifika kwenye vifundo vya miguu, na kwamba nilikuwa nasema "bado, bado," sijui kwa nani. Nilipoingia baa palikuwa na giza. Mwenye baa alikuwa anatafuta kiberiti.

"Umeme umekatika mji mzima, mwalimu," alisema. Kisha akaniona vizuri. "Umekimbia kutoka nyumbani?"

Nilikuwa namtazama yule dada mkubwa. Maji ya mvua yalikuwa yameingia chini ya mlango, naye alikuwa amesimama ndani yake, peku, kitambaa kilicholowa mkononi, na mkono ameunyoosha kuelekea kwenye amplifaya. Alikuwa amesimama vivyo hivyo umeme ulipokatika. Mwenye baa alifuata macho yangu. Aliiangalia miguu ya yule dada, akaangalia kitambaa, akaangalia swichi ya ukutani iliyokuwa bado imewashwa, ikingoja umeme urudi.

"Rudi nyuma," alimwambia polepole. "Usiguse kitu."

Akaizima swichi kwa fimbo ya kufungia dirisha, akachomoa waya. Tulikaa sote watatu kwenye benchi mpaka mvua ilipopungua.

Fundi aliifungua kesho yake mbele yetu. Mahali pa fyuzi, ile inayopaswa kuungua ili kuokoa mtu, palikuwa na msumari. Waya wa ardhini ulikuwa umekatwa zamani na kufungwa fundo. Waya wenye umeme ulikuwa umeliwa na panya, na shaba yake ilikuwa imeegemea bati. Fundi aliugusa ule msumari kwa ncha ya koleo.

"Huyu alikuwa anangoja mvua," alisema.

Mwenye baa alimlipa bila kubishana. Kwangu hakusema asante, wala mimi sikuhitaji. Tangu siku hiyo alikuwa akinisalimu kwa kusimama.

Niliwaza juu ya yule mama wa kambini. Nilidhani anastahili kujua kwamba hakikuwa kileo wala moyo. Shule zilipofungwa nilikwenda. Kilabu hakikuwa na paa tena, na mtunza stoo alikuwa ameondoka bila kuaga. Kwenye kambi nilimkuta mwanamke mmoja akifunga mizigo kwa kamba za mkonge, jirani wa zamani wa yule mama. Akaniambia mama yule alipanda basi la kwenda kwao Songea. Kijiji gani hakujua. Waliishi jirani muda wote ule na hawakuwahi kuulizana.

Kwa kuwa nilikuwa nimefika, nilimweleza yeye. Msumari, panya, waya uliokatwa. Hakuacha kufunga kamba.

"Tulijua, mwalimu," alisema. "Kambi nzima ilijua. Ungesema, ungetolewa kwenye nyumba."

"Na yeye mama?"

"Yeye ndiye aliyemvuta kutoka kwenye mashine, kwa khanga yake. Halafu wenye shamba wakampa karatasi aweke dole gumba, ya kwamba mumewe alikuwa mlevi." Alikaza fundo kwa meno. "Akaweka. Alikuwa na watoto ndani."

Nikamsaidia kubeba mizigo hadi barabarani. Tulisubiri basi pamoja, na lilipokuja lilikuwa limejaa, tukasubiri lingine.